Toba na Marejeo: Neno la Kiebrania Mbele ya Msomaji wa Upare

Kila lugha ina maneno ambayo watu huyatumia siku zote bila ya kuyauliza yametoka wapi. Katika Kiswahili neno toba ni mojawapo. Hutajwa msikitini na kanisani, hutajwa na mgonjwa kitandani na mdaiwa barazani, na mtoto achapwaye hulia nalo kabla hajaijua maana yake. Kwa kuwa latajwa sana, aghalabu hudhaniwa kuwa maana yake imekwisha kujulikana, yaani kuona uchungu kwa ajili ya kosa na kuomba msamaha. Maana hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya maana. Nusu ya pili imehifadhiwa katika Kiebrania, ambamo neno linaloshika mahali pa toba ni teshuva, nalo maana yake ya asili ni marejeo. Tofauti hii si jambo la wanafunzi wa lugha peke yao. Mtu adhaniye kuwa toba ni uchungu atatafuta kuumia. Ajuaye kuwa toba ni marejeo atatafuta njia. Yule wa kwanza aweza kuumia miaka kumi asiondoke mahali alipo.

Mahali pazuri pa kulipima neno hili ni Upare. Msafiri atokaye pwani kwenda Moshi na Arusha huupita mji wa Same, makao ya wilaya, uliolala katika nchi kavu chini ya milima. Juu yake kuna nchi nyingine: vijiji vya baridi, migomba, mifereji ya maji, na msitu wa Chome unaopanda mpaka kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya bahari. Katika vijiji vingi vya Upare wa Kusini siku ya saba ya juma hupumzikwa kama ilivyoamriwa katika Taurati. Desturi hiyo haikuletwa na Wayahudi. Ililetwa na Waadventista Wasabato, ambao wamisionari wao wa kwanza, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika kutoka Ujerumani mwaka 1903 wakaanza kazi yao Giti. Tangu hapo vizazi kadhaa vimekua vikiiacha kazi Ijumaa jua likizama, vikijiepusha na nyama ya nguruwe, na kuyasoma maneno ya manabii wa Israeli kana kwamba yaliandikwa kwa ajili ya milima ile. Kwa hiyo msomaji wa Upare hulikuta neno la marejeo katika siku yake ya mapumziko, kabla ya kulikuta katika kitabu cha wataalamu. Wayahudi wenyewe wana Sabato moja iliyo mashuhuri kuliko nyingi, iangukayo baina ya mwaka mpya wao na Siku ya Upatanisho, nayo huitwa Sabato ya Marejeo, kwa jina la neno la kwanza la somo la Hosea lisomwalo siku hiyo.

Kwanza yafaa maneno yenyewe yatazamwe. Kitenzi cha Kiebrania ni shuv, kurudi. Hutumika kwa mtu arudiye nyumbani kutoka shamba, kwa jeshi lirudilo kutoka vitani, na kwa moyo umrudiao Mungu. Manabii hawakuwa na kitenzi kimoja cha njia na kingine cha roho. Kiswahili kilipokea tubu na toba kutoka Kiarabu, na Kiarabu kina undugu wa damu na Kiebrania na Kiarami. Ndani ya toba mna mzizi ule ule wa kurudi, ijapokuwa sikio la Mswahili haliusikii tena. Wala si toba peke yake. Thawabu, neno la malipo mema, nalo limetoka katika mzizi wenye maana ya kurudi: ni kile kinachomrudia mtu kutokana na tendo lake. Hivi Kiswahili kina watoto wawili wa mzazi mmoja, toba na thawabu, wakaao katika nyumba moja bila ya kujua kuwa ni ndugu.

Wafasiri wa Biblia walikutana na taabu hii kila mmoja kwa njia yake. Katika Agano la Kale tafsiri zinazosomwa sana hukigawa kitenzi cha Kiebrania kwa maneno mbalimbali: rudi, geuka, na penginepo tubu. Katika Agano Jipya, ambalo asili yake ni Kiyunani, neno metanoia, lenye maana ya kubadilika kwa nia, limefasiriwa kwa tubu. Karl Roehl, ambaye Biblia yake nzima ilitolewa mwaka 1937 na kusomwa hasa na Walutheri, alijitahidi kuyaepuka maneno ya Kiarabu na kuyatumia ya Kibantu. Mahali pa tubu aliweka juta. Nia yake ilikuwa kumpa mwanakijiji neno la nyumbani. Lakini majuto hutazama nyuma yakalia, na mtu aweza kujuta akiwa amekaa. Kwa kuchagua neno hilo mfasiri alipata usafi wa lugha akapoteza mwendo. Na jambo la ajabu ni kuwa neno lililo karibu kabisa na la Kiebrania lilikuwapo katika kinywa cha kila mtu: rudi.

Neno hili rudi lina utajiri ambao wachache wameuhesabu. Mtu hurudi nyumbani. Mtu humrudi mwanawe, yaani humwonya na kumtengeneza. Mtu hurudisha alichoazima. Mgomvi hurudiana na mkewe. Katika Kiebrania pia kitenzi cha kurudi kikitiwa sura ya kusababisha huwa kurudisha, na ndicho kitumikacho katika sheria ya Walawi juu ya mwivi apaswaye kurudisha alichokichukua. Lugha mbili zisizo na undugu zimefika mahali pamoja: arudiye hana budi kurudisha. Hapana mahubiri marefu yaliyo bora kuliko kitenzi hiki kimoja kikinyambuliwa sawasawa.

Mbona basi kurudi hakukuwa jina la toba katika makanisa ya Kiswahili? Yamkini sababu imo katika namna Ukristo ulivyofika. Ernst Kotz, mmoja wa wamisionari Waadventista wa Upare, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, akafasiri Agano Jipya katika lugha hiyo, na mwaka 1922 akatoa kitabu juu ya mila za Wapare ambacho kwa jina lake la Kijerumani chaonyesha watu waliofungwa na hofu. Kazi yake katika lugha yastahili heshima. Lakini jina la kitabu hicho laonyesha jinsi maisha ya kale yalivyotazamwa: kifungo ambacho mtu hana budi kutoka. Aliyeongoka aliambiwa atoke, aache, aende mbele. Katika hali hiyo kurudi kulikuwa na maana moja tu, nayo ni kurudia yaliyoachwa. Hata leo katika usemi wa makanisa ya Kiswahili mtu aliyerudi nyuma ni mtu aliyeanguka. Neno ambalo manabii walilitumia kuwaita watu wainuke, limekuwa jina la kuanguka kwao. Mwumini wa Upare asomapo nabii akiwaita watu warudi, na baadaye asikiapo mzee wa kanisa akisikitika kuwa kijana fulani amerudi nyuma, anasikia kitenzi kimoja kikivutwa huku na huku, wala hapana amwelezaye.

Aliyelipanga jambo la marejeo kwa utaratibu kuliko wote kabla yake ni Musa bin Maimuni, ajulikanaye Ulaya kwa jina la Maimonides, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204. Katika kitabu chake kikubwa cha sheria, Mishneh Torah, aliweka sura kumi juu ya teshuva. Mwenye kurudi, kwa maelezo yake, huliacha kosa, huliondoa katika mawazo yake, hujuta, huazimia asilirudie tena, kisha huyasema hayo kwa kinywa chake. Majuto yamo, lakini ni hatua moja katika njia. Kisha mwanasheria huyu aliuliza swali ambalo mwalimu wa kawaida hulikimbia: yajulikanaje kuwa mtu amerudi kweli? Jibu lake ni kuwa aliyerudi kikamilifu ni yule ambaye nafasi ile ile ya kosa imemjia tena, na uwezo anao, na tamaa anayo, akajizuia kwa sababu ya marejeo yake, wala si kwa hofu au udhaifu. Mzee aliyeacha ulevi kwa kuwa tumbo limemkataza anapokelewa, lakini bado hajapimwa kama kijana apitaye mbele ya kilabu akiwa na fedha mfukoni.

Kipimo hiki ni kikali, nacho kina kasoro moja inayofaa kutajwa. Makosa mengine hayampi mtu nafasi ya pili. Aliyemtelekeza mama yake mpaka akafa, atampata wapi mama mwingine ili asimtelekeze? Kwa makosa ya namna hiyo Maimonides anayo sheria ya pili: mwenye kumkosea mwenziwe hasamehewi na Mungu mpaka amlipe na kumridhisha mwenziwe, na ikiwa huyo amekufa, mkosaji huenda kaburini pamoja na watu kumi akaungama mbele yao. Sheria hiyo yaonyesha kuwa marejeo hayana budi kuwa na mashahidi. Machozi ya chumbani ni mepesi kwa sababu hapana ayaonaye.

Mfano wa Upare waweza kulifafanua jambo hili. Katika milima ile wakulima tangu zamani hukusanya maji ya mifereji katika birika kubwa za udongo ziitwazo ndiva. Maji hujaa usiku, asubuhi huachiliwa, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Mtu akiifungua ndiva usiku kwa siri akanywesha mahindi yake, asubuhi mwenye zamu hukuta tope. Sasa mwivi huyu akienda kanisani akalia kwa uchungu wa kweli, je, amerudi? Machozi yake hayataijaza ndiva. Mahindi ya jirani yaendelea kukauka siku ile anaposamehewa. Kwa sheria ya Maimonides hana budi kwenda kwa jirani, kukiri, kumwachia zamu yake mwenyewe, na kumwomba radhi hata mara tatu akikataliwa. Na kipimo cha mwisho kitamjia katika mwaka wa ukame mwingine, usiku, ndiva ikiwa imejaa na mlinzi amelala.

Lakini walimu wa Talmudi walijua pia kuwa ukali usio na kiasi huziba njia. Zipo habari mbili juu ya boriti iliyoibwa. Habari ya kwanza yahusu watu wa Ninawi, ambao kisa chao katika kitabu cha Yona husomwa alasiri ya Siku ya Upatanisho. Mwalimu mmoja alisema kuwa hata mtu aliyekuwa ameiba boriti na kuijengea jumba, alilibomoa jumba zima ili airudishe. Ya pili ni hukumu. Wafuasi wa Shamai waliagiza nyumba ibomolewe na boriti irudishwe. Wafuasi wa Hilel walisema mwenyewe alipwe thamani yake tu, kwa ajili ya kuwarahisishia warudio. Sheria ilifuata upande wa Hilel. Sababu yake ni ya busara: mtu akijua kuwa kurudi kutamvunjia nyumba, hatarudi kamwe. Ninawi imeachwa kuwa mfano wa kustaajabiwa, na sheria imeachwa kuwa mlango wa kupitia. Dini isiyo na Ninawi hulegea. Dini isiyo na Hilel hujaza watu waongo.

Karne nyingi baada ya Maimonides, Abraham Isaac Kook, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufa mwaka 1935, aliyekuwa mmoja wa marabi wakuu wawili wa kwanza wa Palestina, alilichukua neno hili akalipanua. Katika kitabu chake juu ya nuru za marejeo, kilichotolewa mwaka 1925, kosa si deni peke yake. Ni utengano wa mtu na nafsi yake mwenyewe. Mtu arudipo kwa asili yake, hapo humrudia Mungu. Wala si mtu peke yake arudiye: taifa hurudi, na ulimwengu wote wajongea kuelekea asili yake njema. Hapa ndipo marejeo na makuzi yanapokutana. Kwa Maimonides marejeo hutengeneza kilichovunjika. Kwa Kook ndiyo njia yenyewe ya kukua, hata kwa asiye na kosa kubwa. Fikira hii ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake. Msomaji mvivu aweza kuichukua kuwa ruhusa ya kujitafuta nafsi yake huku madeni yake yakilala. Kook hakukusudia hivyo. Lakini kitabu chake chafaa kisomwe pamoja na cha Maimonides, kama jua lisivyofaa kwa shamba pasipo maji ya ndiva.

Swali gumu zaidi labaki. Ikiwa kukua ni kwenda mbele, na kurudi ni kwenda nyuma, vipi mtu atakua kwa kurudi? Swali hili si geni kwa Mpare. Vijana wa milima ile hushuka Same wakachukua basi kwenda Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha, wengine kwa masomo na wengine kwa kazi. Arudipo baada ya miaka mingi, mtu hukuta nyumba imebadilika na wazee wamepungua, naye mwenyewe si yule aliyeshuka. Akidhani kuwa kurudi ni kuupata utoto wake aliouacha mlimani, atahuzunika siku ya kwanza. Kitabu cha Ruthu chatoa jibu lililo bora. Katika sura yake ya kwanza kitenzi cha kurudi kimerudiwa mara kumi na mbili. Naomi arudi Bethlehemu, na hilo halishangazi, kwani ndiko alikotoka. Lakini masimulizi yamwita Ruthu naye mwenye kurudi, ingawa yeye ni Mmoabu ambaye hajapata kukanyaga Bethlehemu maisha yake yote. Basi kwa fikira ya kitabu hicho mtu aweza kurudi mahali asipopata kuwa. Marejeo hayo ndiyo makuzi: kufika panapompasa mtu, hata kama miguu yake haipajui.

Wakati mwingine marejeo yalitakiwa yawe ya ardhi, na Afrika ya Mashariki iliguswa na habari hiyo. Mwaka ule ule wa 1903 wamisionari walipofika Giti, katika mkutano wa Wayahudi wa Basel lilisomwa shauri la serikali ya Uingereza la kuwapa nchi katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo umo Kenya. Wajumbe wengi wa Urusi, ambao ndugu zao walikuwa wakiuawa, walilipinga, na mwaka 1905 shauri hilo likakataliwa kabisa. Waliokataa walikosa maficho. Hilo si dogo, na historia iliyofuata yalifanya liwe zito zaidi. Hata hivyo kukataa kwao kwaeleza neno: kwao kuhamia nchi njema hakukuwa kurudi. Marejeo huwa na mahali pake, wala hayabadilishwi na mahali pengine palipo rahisi.

Katika Uganda kuna habari iliyo karibu zaidi. Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda, aliachana na Wakristo wenziwe mwaka 1919, akatahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha karibu na Mbale jamii iitwayo Abayudaya. Wakati wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, dini yao ilipigwa marufuku, na wengi waliiacha kwa hofu. Utawala huo ulipoanguka wachache waliosalia walianza kukusanyika tena, na baadhi ya walioondoka walirudi. Mwaka 2002 wengi wao walipokewa rasmi na marabi waliotoka ng'ambo, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, mwana wa jamii hiyo, akawa rabi. Hapa kipimo cha Maimonides hakina budi kutumiwa kwa huruma, kama yeye mwenyewe alivyofanya alipowaandikia Wayahudi wa Maghribi waliolazimishwa kuikana dini yao: hakuwahesabu kuwa wameitupa imani. Aliyeondoka kwa upanga hakuondoka kwa moyo, na mlango wake haufai kufungwa.

Fasihi ya Kiswahili nayo yapimika kwa neno hili. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952, Hasidi na Mwivu wanamtendea uovu ndugu yao, wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku. Mwishowe, kwa maombezi ya Mfalme Rai, wanarudishiwa ubinadamu wao. Uzuri wa kitabu ni rehema ya Adili, ambaye kipigo chamwuma yeye kuliko wapigwao. Lakini atazamaye kwa jicho la marejeo ataona kuwa waovu hawa wamerudishwa kuliko kurudi. Umbo lao limetengenezwa na wengine. Katika hadithi ya Alfu Lela U Lela ambayo kisa hiki kinafanana nayo, ndugu wakiisha kurudishiwa umbo lao humgeukia tena ndugu yao wakataka kumwua. Nafasi ya pili imewajia nao wameanguka. Shaaban Robert aliukataa mwisho huo, kwa kuwa aliamini wema huzaa wema. Imani yake ni tukufu. Hata hivyo msomaji hanyimwi haki ya kutamani sura moja zaidi, ambamo Hasidi na Mwivu wangesimama tena juu ya sitaha ya jahazi, usiku, na ndugu yao akiwa amelala.

Utubora Mkulima, kilichotolewa mwaka 1968 baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, chakaribia zaidi fikira ya Kook. Utubora aiacha kazi ya mshahara akaenda kulima Busutamu. Hakuwa na uovu wa kutubia. Aliyatafuta maisha yanayolingana na utu wake. Ni marejeo ya mtu mwema, nayo ni kukua.

Lakini kitabu kinachomwumiza msomaji ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Rosa, binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na babaye, anapoteleza akiwa shuleni na chuoni anapotea kabisa. Baadaye anabadilika. Anaacha, anajuta, anaazimia, na hatua alizozihesabu Maimonides zinaonekana moja baada ya nyingine. Anapopata mchumba amwaminiye, yaliyopita yanajulikana, naye anaachwa; Rosa anajiua. Walioupinga uchafu wa kitabu hiki hawakuuona uchungu wake. Kosa linalohukumiwa humo si la Rosa peke yake. Ni la jamii inayowahubiria watu warudi, na wakirudi hufunga mlango. Walimu wa Talmudi walikataza mtu aliyerudi kukumbushwa matendo yake ya kwanza, na mmoja wao alifundisha kuwa mahali wasimamapo waliorudi, hata wenye haki kamili hawawezi kusimama. Kama Rosa angalipata kijiji kimoja kinachoiamini kanuni hiyo, asingalikufa.

Huenda ikajibiwa kuwa Wasabato wa Upare si Wayahudi, na kuwa kwao wokovu ni neema, si kazi ya mkosaji. Jibu hilo ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Mkristo asema kuwa mchungaji humwendea kondoo. Myahudi asema kuwa kondoo naye ana miguu. Hata hivyo watu hawa wawili wana jambo moja ambalo madhehebu mengi hayana, nalo ni Siku ya Upatanisho. Mafundisho ya Kiadventista yanahesabu kuwa tangu tarehe 22 Oktoba 1844, siku waliyoihesabu kuwa ya Upatanisho, kazi ya hukumu yaendelea mbinguni. Kwa Myahudi siku hiyo huja kila mwaka duniani, na kabla yake huenda kwa jirani zake kuomba radhi. Mmoja ameirefusha siku hiyo mpaka mwisho wa dunia. Mwingine huiweka katika kalenda. Aliyeirefusha ana hatari ya kuwaza kuwa hesabu inafanywa mbali naye. Aliyeiweka katika kalenda ana hatari ya kuifanya desturi. Kila mmoja angeweza kumwazima mwenziwe dawa.

Kwa Kiswahili dawa hiyo haihitaji kuagizwa ng'ambo. Imo katika kitenzi ambacho mama wa Kipare hukitumia jioni amwitapo mtoto arudi nyumbani, na ambacho jirani hukitumia adaipo jembe lake lirudishwe. Wahubiri na walimu wangelitumia neno hilo kwa ujasiri, usemi wa kurudi nyuma ungepata mwenziwe wa kuupinga, na toba ingekumbuka ukoo wake. Hapo kijana ashukaye kutoka katika basi pale Same, akiyainua macho kuitazama milima ambako ana ndugu aliowakosea na deni ambalo halijalipwa, angejua kuwa kazi yake haikwisha kwa kulia njiani. Bado ana mlima wa kupanda, na mlango wa kubisha hodi. Na walio ndani nao wana kazi yao, ambayo ni kuufungua.